Gramu Moja ya Chuma Njiani Kwenda Kolwezi

Barabara ya Kolwezi ni ya malori. Basi letu lilitoka Lubumbashi giza bado halijaondoka, na tangu hapo yalikuwa yakitujia kwa mfululizo, taa zimewaka, yakielekea Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia. Mengine yalibeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda, mengine magunia makubwa ya kobalti, juu yake turubai. Lori moja huchukua tani kama 30. Dereva wetu aliyapisha kwa kuegemea ukingo wa lami, na kila alipoegemea, tumbo langu liliegemea naye.

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano na sikuwa nimewahi kuvuka Likasi. Mume wangu, fundi wa magari makubwa, alitangulia Kolwezi wakati wa kiangazi. Alipopata nyumba ya vyumba viwili katika komini ya Manika, akaniita. Kwa sisi tuliokulia Lubumbashi, Kolwezi ni mji tunaousikia redioni: vita vya 1978, kampuni ya madini ya Gécamines, kobalti, na tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, makao makuu ya jimbo la Lualaba. Ni kilometa kama 300 tu, lakini mtu anaweza kuzeeka Lubumbashi asiende.

Mkobani nilikuwa na fishi, yaani kadi, ya CPN, ndivyo tunavyoita huku kliniki ya wajawazito, na kifuko cha plastiki chenye vidonge. Wauguzi huviita fer-folate. Kina mama huviita dawa ya damu. Kidonge kimoja kina miligramu 60 za chuma pamoja na asidi foliki, na humezwa kila siku, kwenye mimba na hata baada ya kujifungua. Nilikuwa navinywa bila kukosa, navyo vilikuwa vinanitesa. Asubuhi niliamka na ladha ya sarafu mdomoni. Kichefuchefu cha miezi ya kwanza, kilichokuwa kimeniondoka, kilirudi. Usiku kiungulia, mchana tumbo limejaa, na choo kilikuwa kigumu hata kukifikiria kuliniumiza. Aliyenipa vidonge alivihesabu, akavitia kwenye kifuko, akamwita anayefuata. Foleni ilikuwa ndefu na yeye alikuwa peke yake, naelewa. Ila nilitoka pale bila neno hata moja la kunieleza mwilini mwangu kutapita nini.

Tulipita Luisha kukipambazuka. Vilima vya huko vina sehemu zisizo na miti, majani mafupi tu, na watu wa Katanga wanajua tangu zamani maana yake: chini kuna shaba, na shaba ikizidi udongoni miti mingi haioti. Kabla ya kampuni yoyote kufika, wahunzi wa nchi hii walisoma vilima hivyo, wakachimba, wakayeyusha, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha hadi mbali. Nilimwonyesha kwa kidole mama aliyekaa karibu nami. Akatabasamu kama mtu anayeonyeshwa jiko la nyumbani kwake.

Yeye alikuwa mwuza samaki, mzaliwa wa Musonoi, anarudi kutoka kumwona mwanawe. Hakunihoji sana. Likasi, basi liliposimama na wauzaji wakatuzunguka na mayai ya kuchemsha, ndizi na mikate, aliniona nimegeuza uso kukwepa harufu ya mafuta ya kukaangia.

“Mama, ni tumbo ile inakusumbua?”

“Ni dawa ya damu, mama. Inanigeuza tumbo.”

“Eee, ile? Njo vile inafanyaka. Mimi kwa mimba ya pili niliitupa.” Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kipande cha pemba, ule udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa mafungu. “Shika. Hii itakutuliza.”

Nilikipokea kwa mikono miwili, maana ni mama wa kunizaa. Nilikimega. Kilikuwa na harufu ya mvua ya kwanza, na kweli mate yalikauka na kichefuchefu kikapungua. Sitamdharau mtu yeyote anayekula pemba. Wanawake wengi wenye mimba huitamani, na tamaa hiyo ni kali kuliko njaa. Mara nyingi huwapata hasa wale waliopungukiwa chuma mwilini. Shida ni kwamba udongo huo, ukifika tumboni, hukishika chuma cha kwenye chakula na cha kwenye kidonge na kuondoka nacho. Mwili unaomba, na unachopewa kinazidi kuunyima. Hili sikulijua kwenye basi. Nilielezwa baadaye, Kolwezi.

Baada ya Likasi barabara hugeukia magharibi, na vumbi hubadilika. Jekundu, jekundu kabisa: liko kwenye majani ya miti, kwenye paa za nyasi, kwenye nyusi za watoto wanaouza makaa. Wekundu huo ni kutu. Ni chuma kilichoungana na hewa na maji kwa muda usiohesabika, na tunakikanyaga tangu tunazaliwa. Lakini chuma cha namna hiyo hakiyeyuki tumboni kwa namna mwili unavyoweza kukitumia. Kwa hiyo unaweza kukuta mama ameketi juu ya ardhi iliyojaa chuma, nyuma yake malori ya shaba yanapita, na kope zake ukizifunua chini ni nyeupe kama karatasi.

Mimba nzima, tangu mwanzo hadi kuzaa, hudai kama gramu moja ya chuma zaidi. Kiasi hicho ni kama msumari mdogo wa kugongea picha. Karibu nusu yake huingia kwenye damu mpya ambayo mama anatengeneza, sehemu nyingine huenda kwa mtoto na kondo, iliyobaki hupotea njiani na wakati wa kuzaa. Mama asiyekuwa nayo huishiwa pumzi akipanda ngazi tatu, mtoto wake anaweza kuzaliwa mdogo au kabla ya wakati, na damu ikimtoka nyingi baada ya kuzaa, kiasi ambacho mwingine angekivumilia humwua yeye. Nilikaa nikihesabu malori kati ya Likasi na Fungurume nikiwaza gramu hiyo moja, na jinsi ilivyo vigumu kuipitisha tumboni mwa mwanamke.

Fungurume tulisimama tena. Mji umekua kwa haraka pembeni ya mgodi mkubwa wa Tenke-Fungurume. Maduka mapya, pikipiki, mabango ya Kichina na Kifaransa. Hapo ndipo, kwenye choo cha kulipia, nilipofanikiwa kupata choo baada ya kuteseka sana, na nilichokiona kilikuwa cheusi. Sikuwa nimewahi kukitazama hivyo mchana. Nyumbani tulikuwa tunatumia shimo lenye giza. Moyo ulinidunda. Nilifikiri damu imemwagika tumboni. Niliporudi kwenye basi sikuwa na hamu ya kuzungumza, na mama wa Musonoi aliona, akanifunika miguu kwa kitenge chake bila kuuliza.

Mto Lualaba tuliuvuka jua likiwa juu. Huu ndio mto ambao mbele unakuwa Kongo yenyewe, lakini hapa bado ni kijana, rangi ya chai ya maziwa, umebanwa kati ya milima na mabwawa yanayotoa umeme kwa migodi. Kwenye peaji madereva walishuka kulipa. Baada ya hapo njia ilipanda, na Kolwezi ikaanza kujitangaza kwa vilima vyenye vilele bapa, vilivyomwagwa na mashine: mabaki ya mawe ya miaka mingi ya uchimbaji, tangu mji uanzishwe mwaka 1937 kwa ajili ya kampuni ya Union Minière. Mgeni huona milima. Ni shimo lililogeuzwa juu chini.

Mume wangu alinipokea kituoni. Mambo ya kupokelewa hayana haja ya kusimuliwa.

Zahanati niliyoandikishwa iko umbali wa kutembea kutoka nyumbani. Siku ya CPN, wanawake wenye mimba hukaa barazani kwenye mabenchi, na kabla ya kupimwa muuguzi husimama mbele yao kwa mazungumzo. Wanaanza kwa wimbo, wanapiga makofi, halafu linachaguliwa jambo moja la siku. Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za chandarua. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, akauliza: “Nani ameacha kunywa dawa ya damu? Msiogope. Nyosheni mikono.”

Mikono ilipanda taratibu, mmoja, miwili, kisha mingi kuliko nilivyotarajia. Akawauliza mmoja mmoja sababu, na hakumkaripia yeyote. Mmoja alisema anatapika. Mmoja alisema mama mkwe wake amemwambia vidonge vitamkuza mtoto mno ashindwe kutoka. Mwingine alinong'ona habari ya choo cheusi, na wote tukageuka kumtazama kwa sababu wote tulikuwa tumekiona.

Kisha akafundisha, na naandika alichosema kwa sababu ningependa kila mwanamke akisikie siku ileile anapokabidhiwa kifuko.

Alianza na rangi. Mwili hauchukui chuma chote cha kwenye kidonge. Huchukua sehemu ndogo, na kinachobaki hushuka na kugeuza choo kuwa cheusi au kijani kibichi cha giza. Ni kawaida, na huwapata wengi wanaokinywa. Cha kuogopa ni choo cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu mbaya isiyo ya kawaida, na mtu anasikia kizunguzungu au maumivu makali. Huyo aje mara moja, asingoje siku ya kliniki.

Chuma hichohicho kilichobaki ndicho kinachokwaruza tumbo na kuleta kichefuchefu. Kuhusu choo kigumu, alisema mimba yenyewe huchangia: homoni hulegeza utumbo ukatembea polepole, mfuko wa uzazi unaukandamiza, halafu kidonge kinakuja juu yake. Kwa hiyo maji, maji mengi yaliyochemshwa, na majani: lengalenga, matembele, sombe. Maharage kwa anayeyavumilia. Papai likipatikana. Na kutembea, hata kama ni kwenda na kurudi sokoni.

Halafu saa ya kunywa. Kidonge huingia vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, lakini kidonge kilichotapikwa hakijaingia popote. Anayeshindwa asubuhi akinywe jioni, baada ya kula bukari, yaani ugali, karibu na kulala, ili kichefuchefu kimkute amelala. Akinywe kwa maji yaliyokamuliwa ndimu, au ale chungwa au pera, maana vitamini C hukisaidia chuma kupita. Chai na kahawa zikae mbali nacho, saa moja au mbili, kwa sababu hukifunga. Dawa za kiungulia na vidonge vya kalsiamu navyo visinywewe pamoja nacho. Alipofika kwenye pemba, wanawake walicheka na kuficha mikono. Alisema, kwa upole, kwamba anayeshindwa kuiacha kabisa apunguze na aiweke mbali na saa ya kidonge, na amwambie muuguzi, kwani tamaa hiyo yenyewe ni habari inayostahili kuandikwa kwenye fishi.

Hapa alipandisha sauti. “Vidonge vikikushinda, usivitupe. Rudi. Tutabadilisha saa, tutabadilisha kipimo, tutaangalia dawa ya aina nyingine. Ukivitupa kimya kimya, mimi naandika kwamba unakunywa, na siku ya kuzaa wote wawili tunadanganyika.” Akaongeza jambo ambalo halikuwa la tumbo letu: vidonge hivi ni vyekundu na vinavutia kama peremende, na mtoto mdogo akimeza vingi vinaweza kumwua. Viwekwe juu, vifungwe.

Naona huyu mwanamke alifanya kwa robo saa barazani kazi ambayo dawa peke yake haiwezi kufanya. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa huduma za wajawazito mwaka 2016: miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku, na katika nchi ambako wajawazito wachache tu wana upungufu wa damu, mwanamke asiyevumilia anaweza kupewa kipimo kikubwa mara moja kwa wiki. Lualaba si mahali pa wachache. Hapa ni kila siku, na kila siku huwezekana tu kwa mtu anayejua nini kitampata na afanye nini kikimpata. Watafiti wa Zurich, Uswisi, walionyesha mwaka 2017, kwa wanawake wasio na mimba waliokuwa na akiba ndogo ya chuma, kwamba kidonge cha siku moja huufanya mwili utoe homoni ya hepsidini inayozuia chuma cha kesho yake, na kwamba kunywa siku moja na kuruka moja kunafanya sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge iingie. Ni habari ya matumaini kwa tumbo. Lakini mwenye mimba asijipimie mwenyewe kwa kuisikia. Aende nayo kwa muuguzi.

Nilipochomwa kidole, damu yangu ilisoma gramu 10.1 za hemoglobini kwa desilita. Kwa miezi ya katikati ya mimba, chini ya 10.5 ni upungufu. Muuguzi alinieleza pia kwamba Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Huko juu mwili hutengeneza damu nyingi kidogo kwa sababu ya hewa nyembamba, kwa hiyo hata mwenye kipimo kinachoonekana kizuri anaweza kuwa amepungukiwa. Akaniandikia vidonge viwili kwa siku mpaka damu irudi.

Viwili! Nilitaka kulia. Aliona, akavigawa: kimoja baada ya chakula cha mchana, kimoja baada ya cha usiku, na asubuhi yangu akaiacha huru. Alinipa pia dawa ya minyoo, na Fansidar ya kuzuia malaria nikaimeza mbele yake, kwa sababu chuma unachokiingiza kwa mdomo hakikai kama minyoo inakunywa damu yako na malaria inaivunja. Alinionya nisinunue duka la dawa asidi foliki ya miligramu 5 nikidhani kikubwa ni bora. Kiasi hicho huidhoofisha Fansidar. Na alichukua damu nyingine kupima kama nina selimundu, maana si kila weupe wa kope ni njaa ya chuma.

Jumapili mume wangu alinitembeza. Tulipita karibu na Kasulo, mtaa ambao mwaka 2014 watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, wakaanza kuchimba uani, hata sebuleni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa wakazi na kuchapisha matokeo mwaka 2018: kobalti ilikuwa nyingi kuliko kwa watu wa mtaa usio na uchimbaji, na watoto ndio waliokuwa nayo zaidi. Sasa hapa kuna jambo ambalo sikulisikia zahanati, nami naliona ni zito kwa mji huu. Protini ya utumbo inayopokea chuma hupokea na kobalti, na risasi na kadimiamu pia hupenya zaidi mwili ukiwa na uhaba wa chuma, kwa kuwa mwili wenye uhaba huongeza mapokezi. Kwa hiyo mwanamke wa Kolwezi aliyepungukiwa chuma anafyonza zaidi vumbi lilelile linaloanguka kwenye sufuria yake. Kidonge hakizuii vumbi. Hiyo ni kazi ya wenye migodi na ya serikali, na wasiachiwe kuikwepa. Lakini kidonge kina maana moja zaidi hapa kuliko mahali pengine, na nilipoielewa niliacha kukihesabu kuwa adhabu. Nguo za kazi za mume wangu sasa hubaki uani, na majani naosha mara mbili kabla ya kupika.

Kichefuchefu kilitulia baada ya kuhamia jioni. Ladha ya sarafu ilibaki, nikaizoea kwa ndimu. Choo kilichukua muda zaidi. Majani na maji hufanya kazi polepole, na kuna siku bado kilinishinda. Kipimo kilichofuata kilikuwa kimepanda.

Katika uzio wetu anaishi yaya mmoja, ndivyo tunavyomwita dada huku, mke wa mchimbaji, mimba yake ikiwa nyuma ya yangu kidogo. Siku moja akanifungulia kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na vidonge vya kliniki zote alizokwenda, havijaguswa. Aliona weusi siku ya tatu, akaogopa, na kila mwezi aliendelea kwenda kuvipokea ili asigombezwe. Nilimweleza nilichoelezwa. Hakuniamini sana, na ana haki. Mimi si muuguzi. Siku ya CPN tukaenda pamoja, kopo mkononi. Yule mama wa sauti ya kwaya alilifungua, akatazama, hakupaza sauti. Alimchoma kidole, akamsomea namba, kisha akamwuliza siku yake inakwendaje. Yaya akasema saa kumi na moja asubuhi yuko njiani kufuata samaki, hana hata muda wa kuweka kitu mdomoni, na akirudi hunywa chai.

“Na ukishakula usiku?”

“Usiku niko nyumbani.”

Muuguzi akachukua kalamu, akaandika kwenye fishi kwa herufi kubwa: jioni, baada ya bukari, mpaka mtoto afikishe miezi mitatu. Yaya akaomba amsomee tena.